Merikani ya Salem

Ukifika Salem, Massachusetts, utauziwa wachawi. Wamechorwa kwenye fulana na vikombe, na hata magari ya polisi yana nembo ya mchawi juu ya ufagio. Kesi za uchawi za mwaka 1692, ambapo watu 19 walinyongwa na mzee Giles Corey akafa kwa kurundikiwa mawe kifuani, zimekuwa mtaji wa mji. Sina ugomvi na mtu anayetafuta riziki. Kinachoniudhi ni kwamba kelele za wachawi zimefunika habari inayotuhusu sisi. Meli za mji huu ndizo zilizotuletea neno ambalo bibi yangu alilitumia mpaka anafariki: merikani. Kwake merikani ilikuwa kitambaa kwanza, nchi baadaye.

Mwanzo wa mji unajulikana. Roger Conant na wenzake walihamia hapo mwaka 1626, wakaishi kwa samaki. Baada ya uhuru wa Marekani, matajiri kama Elias Hasket Derby wakapeleka meli mpaka Asia. Pilipili manga ya Sumatra ikajenga majumba yanayotazamwa na watalii hadi leo.

Kuanzia hapo vitabu vingi husimulia kwa sauti moja: manahodha hodari, soko huria, faida ya bahari ikazaa viwanda. Soko huria lipi? Mwaka 1833 Edmund Roberts, mjumbe wa Marekani, alitia saini Muscat mkataba na Sayyid Said, mtawala wa Oman na Unguja: ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa zinazoingia, basi. Mwaka 1837 akaja Unguja balozi mdogo wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, kijana wa Salem. Waters alikuwa balozi na mfanyabiashara kwa wakati mmoja. Mtu wa kumshtaki Waters mfanyabiashara angempelekea Waters balozi. Akashikana na Jairam Shivji, aliyekuwa amekodi ushuru wote wa Unguja. Aliyeshika forodha alikuwa upande wake, na wengine wakabaki kugonga mlango. Mwingereza Robert Norsworthy alilalamika mpaka akachoka. Hata mkataba wa Waingereza wa mwaka 1839 uliwazuia kununua pembe za ndovu na sandarusi pwani ya Mrima. Biashara ya namna hiyo sisi tunaiita kula njama. Na huyohuyo Waters, Mkristo mcha Mungu, aliwasikitikia watumwa kwenye shajara yake.

Hebu tuitazame hiyo sandarusi. Ni utomvu wa miti ya kale uliogandia ardhini, na watu wa Mrima waliuchimba kwa majembe. Ule mbichi, uliotoka mtini au karibu na mizizi, uliitwa chakazi. Wazungu wakalisikia neno hilo kama jina la punda katika lugha yao, wakaiita sandarusi ya punda, na jina hilo likaingia kwenye hesabu zao za biashara! Iliyokomaa ilitoka na gamba la udongo. Salem, Jonathan Whipple alikuwa na kiwanda cha kulitoa gamba hilo kwa kuloweka sandarusi kwenye maji yenye magadi. Gamba likitoka, chini yake paliachwa vipele vidogo, mfano wa ngozi ya kuku aliyenyonyolewa, na mtengeneza vanishi aliitambua bidhaa njema kwa vipele hivyo. Ndiyo iliyong'arisha meza na magari ya farasi ya Marekani.

Meli iliyopeleka sandarusi ilirudi na majora ya merikani kutoka viwanda vya Massachusetts. Salem yenyewe ilikuwa na kiwanda chake cha mvuke, Naumkeag. Pamba yake ilichumwa na watumwa wa kusini mwa Marekani. Huku kwetu merikani ikabebwa bara vichwani mwa wapagazi, ikanunua pembe, na mara nyingine ikanunua watu. Wanahistoria wanaoandika kwamba kaskazini ya Marekani ilijengwa kwa bidii na uchaji Mungu wangelifuata jora moja tu tangu shambani hadi Tabora kabla ya kushika kalamu.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilikata pamba, bei ya merikani ikapanda, na vitambaa vya Uingereza na India vikachukua nafasi. Kodi mpya ya Marekani ikaifanya sandarusi isafishwe Unguja kabla ya kupakiwa, na kazi aliyoianzisha Whipple ikafa. Baada ya mwaka 1870 meli za Unguja hazikutia nanga tena Salem.

Yaliyobaki ni mafupi. Moto wa Juni 1914 uliteketeza sehemu kubwa ya mji pamoja na kiwanda cha Naumkeag. Kikajengwa upya, wafanyakazi wakagoma mwaka 1933, na mwaka 1953 kikafungwa. Kazi ya kufuma shuka zake ikahamishiwa South Carolina, kwenye nchi ya pamba.