Harimu ya Kisima na Sauti ya Jirani

Sheli ikitaka kujengwa mtaani, mwenye nayo huonyesha mchoro wa paa jeupe, taa na duka dogo la vinywaji. Yanayostahili kujadiliwa yamefichwa chini ya zege: matangi yenye maelfu ya lita, mabomba, na viungo vinavyochakaa. Petroli ina benzini, sumu inayosababisha saratani ya damu, na tangi likivuja kidogo kidogo, majirani huweza kukaa miaka wasijue. Huko Marekani, mamlaka ya mazingira imethibitisha visa zaidi ya 500,000 vya matangi ya aina hiyo kuvuja. Mwaka 1996, mji wa Santa Monica, California, ulifunga visima vilivyokuwa vikiupa karibu nusu ya maji yake, kwa sababu ya MTBE, kemikali iliyokuwa ikichanganywa na petroli.

Anayepinga sheli Maskati, Oman, huambiwa upesi kwamba ameiga mambo ya Wazungu. Mimi naona kinyume chake. Hoja yake ilikwisha kuandikwa katika fikihi, elimu ya sheria ya Kiislamu, karne nyingi kabla gari la kwanza halijateremshwa bandarini Mutrah.

Mafakihi waliiita harimu: eneo linalozunguka kisima, chemchemi au falaji, ambamo mtu mwingine hana ruhusa ya kuchimba wala kuweka kitu cha kudhuru. Imepokewa katika hadithi kwamba kisima cha kunyweshea wanyama kina harimu ya dhiraa 40. Falaji, mfereji ambao maji yake husafiri mbali chini ya ardhi, ilipewa mamia ya dhiraa. Uajemi, nchi ya mifereji ya namna hiyohiyo, iliingiza kipimo cha fikihi katika sheria yake ya madai: gazi (kipimo chao cha urefu) 500 penye udongo laini, 250 penye udongo mgumu. Tofauti hiyo inanivutia sana. Wazee wale hawakuwa na maabara, lakini walijua kwamba madhara hupita upesi zaidi kwenye mchanga kuliko kwenye mwamba, wakaipima haki ya jirani kwa jinsi ardhi yenyewe ilivyo. Ndilo swali lilelile analouliza mtaalamu wa maji ya chini ya ardhi leo anapokagua kiwanja cha sheli.

Maibadhi, Waislamu wa madhehebu iliyoenea Oman, walilifikisha jambo hili hadi kwenye upangaji wa miji. Abu al-Abbas Ahmad al-Fursutai, mwanachuoni wa Afrika Kaskazini aliyefariki mwaka 504 Hijria (1111), aliandika kitabu kizima juu ya ugawaji wa ardhi, kikieleza njia, nyumba, visima, miti na dhara baina ya majirani. Kwake yeye, mji hupangwa kwa kuuliza kwanza nani ataumia.

Hata hivyo, harimu ina upungufu wake. Hutetewa na mwenye kisima, na watu wengi wa Maskati leo hawana kisima. Tangu mtambo wa Ghubra uanze kazi mwaka 1976, mji umezidi kunywa maji ya bahari yaliyosafishwa. Mtu wa ghorofani Al Khuwair aweza kusema: tangi la sheli lanihusu nini? Linamhusu sana. Mabonde ya Maskati hukauka miezi mingi, kisha hufurika kwa saa chache, kama Qurm ilivyofurika wakati wa kimbunga Gonu, Juni 2007. Kilichomwagika juu ya lami hubebwa hadi baharini, na bahari hiyo ndiyo kisima cha mji. Basi harimu ya leo ifuate bonde lote hadi ufukweni.

Wakenya wameshika upande mwingine wa jambo hili: nani ana haki ya kusema. Ibara ya 70 ya Katiba yao ya 2010 inamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kutetea mazingira bila kuthibitisha kwamba kuna aliyepata hasara au kuumia. Watu wa Lamu, pwani ya Kenya, walijua kuitumia nafasi ya namna hiyo. Juni 26, 2019, baraza linaloamua rufaa za mazingira lilifuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe cha megawati 1,050, likiona kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Wavuvi na watu wa kikundi cha Save Lamu hawakuhitaji kusubiri mikoko ife kwanza.

Lakini usiku wa Februari 1, 2024, gesi ililipuka katika kituo cha kuijaza huko Embakasi, Nairobi, katikati ya makazi. Watu waliuawa, mamia wakajeruhiwa. Mamlaka ya nishati ilisema ilikuwa imekataa maombi ya kituo kile mara tatu mwaka 2023 kwa kuwa nyumba zilikuwa karibu mno. Umbali ulikuwa umepimwa, haki ya kusema ilikuwepo, na bado gesi ilijazwa. Kisa hiki chaniuma kuliko vingine.

Petaluma, mji wa California wenye watu wapatao 60,000, uliuliza swali ambalo fikihi haikuliuliza, na Katiba ya Kenya haikulitamka: sheli zilizopo hazitoshi? Mwaka 2021, ukiwa na sheli 16, ulipiga marufuku kujenga sheli mpya. Wenye sheli za zamani waliachwa waendelee na kazi, jambo ambalo fakihi angelielewa, kwa sababu aliyetangulia ana haki yake.

Maskati haiko mikono mitupu. Amri za Kisultani namba 114 na 115 za mwaka 2001 ziliweka sheria za kulinda mazingira na vyanzo vya maji ya kunywa, na tangu Desemba 2012 mabaraza ya manispaa yana wajumbe waliochaguliwa. Mkazi wa Bausher au Seeb anayeona uzio mpya wa ujenzi karibu na falaji au ukingo wa bonde ana pa kupeleka malalamiko yake. Aandike aina ya udongo, umbali wa kisima kilicho karibu, njia ya maji ya mvua na idadi ya sheli zilizopo tayari barabara ileile, na aandike kabla shimo la matangi halijachimbwa.