Habari ya Trekta Letu na Udongo Tunaoulima

Huu ni mwaka wa kumi tangu tuanze kuweka hisa chini ya mwembe, mwaka 2014. Habari za mikopo na mfuko wa jamii mtazisoma kurasa nyingine. Hapa tumeamua kueleza historia ya trekta, maana ndilo lililotaka kutuvunja, na ndilo kila mgeni anauliza: mlilipataje, na kwa nini mkachagua dogo?

Bibi zetu walilima kwa jembe la mkono, na shamba likiwa kubwa wanaitwa vijana, wanakuja na ngoma yao. Pamba iliposhika bei baada ya Vita Kuu ya Pili, plau la ng'ombe likaenea Usukuma kote, na hapo ndipo mwanamke alipoachwa nyuma. Ng'ombe ni wa mzee, plau ni la mzee, basi maksai wanaanza shamba la pamba ambalo hela yake anashika mzee. Shamba la mama la mahindi na karanga linasubiri. Huku kwetu mvua inaanza Novemba, na anayepanda Januari mara nyingi anavuna mabua. Mama zetu walipanda Januari, nasi tulipoolewa tukapanda Januari vilevile.

Habari za matrekta wazee walikuwa nazo siku nyingi. Walisimulia ule mpango wa karanga wa Waingereza wa mwaka 1947, uliokuwa Kongwa, Nachingwea na hapa jirani Urambo. Waliletewa matrekta ya mabaki ya vita, hata vifaru vikageuzwa kuwa matrekta. Pale Kongwa kiangazi udongo uligeuka kama saruji na mchanga wake ukazila sahani za plau. Mwaka 1951 mpango ukafungwa. Walikuwa na fedha na wataalamu, lakini waliagiza mashine kabla ya kuujua udongo. Miaka ya 1960 Victoria Federation, ule ushirika wa pamba wa Kanda ya Ziwa, nao ulipeleka matrekta kwenye mashamba ya pamoja. Trekta lililima ekari nyingi kwa siku moja, lakini palizi na kuvuna vilibaki kwa mikono ileile ya jana. Hilo tulikumbuke, tutalirudia.

Halafu ikaja dhahabu. Miaka ya 1990 vijana wetu walikwenda kwa wingi kuchimba, wengine Bulyanhulu, wengine Nyarugusu na Geita. Baadaye migodi mikubwa ikafunguliwa, Geita mwaka 2000 na Bulyanhulu mwaka 2001, lakini machimbo madogo hayakuisha na mpaka leo yanavuta watu. Hatuwalaumu, wapo walioezeka bati kwa hela hiyo. Ila mtoto aliyekuwa anaswaga ng'ombe hayupo, na baba naye yupo shimoni. Aliyebaki na shamba ni mama, na plau la ng'ombe linataka watu wawili au watatu.

Ndiyo maana mwaka 2016 tukachanga tukakodi trekta. Jina la mwenyewe hatulitaji. Tulifurahia ukubwa wake, maana tulidhani kubwa ndiyo nzuri. Tulilipa nusu mbele. Lilifika Desemba mwishoni, mvua imeshanyesha sana, na dereva akaanzia mbugani. Lilizama mpaka kwenye ekseli, likakaa siku tatu. Lilipotolewa likahamia luseni, yaani ule mchanga wetu wa juu, akalima kwa kina kilekile cha mbugani, akapindua mchanga mweupe usio na chakula chochote. Mahindi yakaota ya njano. Kwenye majaluba ya mpunga alipita juu ya matuta, maji yote yakaondoka. Hela haikurudi. Kwenye mkutano yalisemwa maneno makali, hata mwenyekiti akaambiwa amekula na mwenye trekta. Wenzetu saba walichukua akiba zao wakaondoka. Wanne wamerudi, tunawashukuru, na watatu milango iko wazi.

Baada ya hapo tulifanya jambo ambalo lilikuwa lifanyike mwanzo. Tulitembea shamba kwa shamba na daftari. Katibu aliandika: hili ni luseni, hili ni kikungu, ule udongo mwekundu, hili ni mbuga nyeusi, hili ni jaluba, hapa pana visiki, hapa pana mteremko. Udongo wa ibambasi, ule mgumu kama sakafu, tuliuandikia uachwe kwa malisho. Ngitili nazo tukaziandika haziguswi. Tangu mradi wa HASHI ulipoanza mwaka 1986 watu wa Shinyanga wamehangaika kurudisha miti, sisi tusije tukaing'oa. Tulipojumlisha tukakuta sehemu kubwa ni luseni na kikungu, na mbuga ni kidogo. Kumbe trekta kubwa halikuwa letu! Mwenye mbuga tupu na ekari mia ndiye anahitaji nguvu za farasi 75 au 80 na plau la sahani tatu au nne. Sisi tungelilisha dizeli bure.

Mwaka 2018 tukanunua Massey Ferguson 240 lililotumika, nguvu yake ni chini kidogo ya farasi 50, pamoja na plau la sahani mbili, haro na tela. Tulilichagua kwa sababu vipuri vyake vipo Kahama na Mwanza, na fundi wa kijijini analijua kwa kulisikia tu linavyounguruma. Kulikagua tulikwenda alfajiri bila kupiga simu. Tuliweka mkono kwenye injini kwanza kuona kama mwenyewe hajaliwasha kabla yetu, maana injini yenye moto inaficha ugonjwa. Moshi wa bluu ni kwamba linakula oili. Oili ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Tuliinua plau juu, tukazima injini, tukanywa chai: plau likishuka haraka, haidroliki imechoka. Trekta la kwanza tuliloliona lilishusha plau kabla chai haijapoa, tukarudi nyumbani. Hili la kwetu lilikuwa la nne.

Sasa kulitumia. Mbuga ina siku chache tu za kulimika, kavu ni jiwe, ikilowa ni ulimbo. Tunachukua udongo wa kina cha plau, tunauvingirisha mkononi. Ukiwa kamba na kung'aa, hatuingii hata kama mwenye shamba analia. Ukimeguka, tunaingia. Luseni tunaigusa juu juu, na haro tunaiweka kando, maana kuusaga mchanga zaidi ni kuupa mvua iubebe. Kwenye mteremko tunalima kwa kukata, si kwa kushuka. Gurudumu la kulia linapita ndani ya mfereji uliotangulia, gia ni ndogo, na likianza kutoa moshi mweusi tunapunguza kina cha plau. Mguu haukai juu ya klachi, huko ndiko klachi nyingi zinakofia. Kila asubuhi ni oili, maji ya radieta, grisi na kukung'uta filta ya hewa, maana vumbi la huku ni adui kuliko mawe.

Majaluba tumewaachia ng'ombe, wanageuka padogo bila kuvunja tuta. Palizi nayo ni ng'ombe na mikono, na hapa ndipo tulikumbuka yale ya Victoria Federation. Hatumlimii mama ekari zaidi ya zile anazoweza kupalilia. Mwanzo wengine walinuna, walitaka ekari kumi kwa kuwa trekta ni letu.

Na jambo la shafti ile ya nyuma inayozungusha mashine ya kupukuchua mahindi. Mwaka 2020 ilimshika kanga mwenzetu mmoja, ikamvuta. Kanga ilikuwa kuukuu ikachanika, ndiyo pona yake, alibaki na michubuko na aibu mbele za watu. Lingekuwa kitenge kipya leo tungekuwa tunamkumbuka. Tangu siku hiyo shafti ina kifuniko, na hakuna kanga ya mabegani wala mtandio karibu yake. Wala mtoto hapandi juu ya madigadi, hata akiwa mjukuu wa mwenyekiti.

Ugomvi wa mwisho ulikuwa wa tela. Novemba 2021 watu wa machimbo walitaka kulikodi trekta miezi miwili kubeba mawe kwenda kwenye karasha, kwa hela ambayo kulima hakuleti. Wengi walisema tuchukue, na hesabu yao ilikuwa sahihi kabisa. Tulibishana mpaka jua likazama. Mama mmoja mjane, ambaye hasemi sana, akauliza: sasa mimi napanda lini? Kura zikapigwa, machimbo wakakosa kwa kura mbili. Tangu hapo mawe, matofali na maji tunabeba Juni mpaka Septemba, Oktoba ni matengenezo, na Novemba ni plau.

Dereva wa sasa ni binti wa mwanachama wetu, alijifunza kwa kukaa na fundi miezi mitatu, na wanaume waliokuwa wanakuja kumcheka siku hizi wanakuja kuomba zamu. Zamu inaanza na wajane wenye luseni, kwa kuwa inalimika mapema, halafu kikungu, na mbuga inafuata udongo ukikubali. Msimu uliopita mahindi ya mwanachama wa mwisho kwenye orodha yaliingia ardhini tarehe 14 Desemba. Sahani moja ya plau imeisha na klachi imeanza kuteleza, vyote vimo kwenye bajeti ya Oktoba.