Umtoe ndugu yako ili dunia ipone? Swali la tamthilia ya Buffy

Tuseme ukuta kati ya dunia na kuzimu umepasuka, na kitakachouziba ni kifo cha mdogo wako wa miaka 14. Akifa yeye, watu wote wanapona. Akiishi, wote wanaangamia, na yeye akiwamo. Utafanya nini?

Swali hilo liliulizwa na tamthilia ya Kimarekani iitwayo Buffy the Vampire Slayer, iliyoonyeshwa kwenye televisheni kuanzia 1997 hadi 2003. Ukiitazama juu juu utasema ni hadithi ya mashetani na wanyonya damu tu. Ndani yake, hata hivyo, kuna ubishi ambao wanafalsafa wamekuwa nao kwa zaidi ya miaka 200: je, jema ni lile linalowafaa watu wengi zaidi, hata kama gharama yake ni mtu unayempenda? Katika makala haya tunaeleza falsafa hiyo, namna tamthilia inavyoipima, na kwa nini swali lake linatuhusu hata sisi tusiopambana na mashetani.

Falsafa ya manufaa ni ipi?

Mtu aliyeipanga vizuri falsafa hii ni Mwingereza Jeremy Bentham, aliyeishi kuanzia 1748 hadi 1832. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1789 alisema kwamba ukitaka kujua kama tendo ni jema, tazama matokeo yake. Limeleta raha kiasi gani? Limeleta maumivu kiasi gani? Kwa watu wangapi? Baada yake John Stuart Mill, aliyezaliwa mwaka 1806, aliitetea falsafa hiyo na kuieneza.

Tusiidharau. Kanuni yake kwamba kila mtu ahesabiwe kuwa mmoja, wala si zaidi ya mmoja, ilikuwa silaha dhidi ya wakubwa waliojiona wana uzito kuliko wengine. Bentham aliitumia kutaka hata wanyama wasiteswe. Mill, alipokuwa mbunge, alidai wanawake wa Uingereza wapewe haki ya kupiga kura. Hata leo, muuguzi mwenye dozi chache anayewatanguliza wagonjwa wanaoweza kupona anatumia hesabu ya namna hiyo.

Ugumu unaanza unapoingia nyumbani. Ikiwa kila mtu ni mmoja tu, basi mama yako naye ni mmoja tu. Mwaka 1793 Mwingereza mwingine, William Godwin, aliifikisha hoja hiyo mwisho wake. Alitoa mfano wa nyumba inayoungua moto. Ndani wamo watu wawili: askofu Fénelon, mwandishi ambaye vitabu vyake vingewafaa maelfu, na mtumishi wa kike wa nyumba hiyo. Una nafasi ya kumwokoa mmoja. Godwin alisema aokolewe askofu. Na kama mtumishi yule ni mama yako, au mke wako? Jibu lake halikubadilika.

Wasomaji wengi walishtuka. Godwin mwenyewe alioa mwaka 1797, na mkewe, mwandishi Mary Wollstonecraft, akafariki mwaka huo huo baada ya kujifungua. Ilipofika 1799 Godwin aliandika kwamba mapenzi ya nyumbani ni sehemu ya ubinadamu, na kwamba yanaweza kukaa pamoja na kuwatendea haki watu wote. Alichokuwa amekiondoa kwenye hesabu alilazimika kukirudisha.

Buffy anamtoa mpenzi wake

Buffy Summers, anayeigizwa na Sarah Michelle Gellar, ni msichana wa shule katika mji wa kubuni wa Sunnydale, jimbo la California. Mji umejengwa juu ya mlango wa kuzimu, na yeye ameteuliwa kupambana na viumbe vinavyotoka humo. Anayemlea katika kazi hiyo ni Giles, mkutubi wa shule.

Mwishoni mwa msimu wa 2, ulioonyeshwa Mei 1998, mtihani wake unakuja kupitia mpenzi wake, Angel. Huyu ni mnyonya damu aliyekuwa amerudishiwa roho ya utu, kisha akaipoteza na kugeuka mwuaji tena. Angel anamwamsha shetani Acathla, mwenye uwezo wa kuimeza dunia. Damu ya Angel ndiyo iliyofungua njia, na ni damu yake tu itakayoifunga.

Kama angebaki mwuaji, uamuzi ungekuwa mwepesi. Lakini Willow, rafiki wa Buffy, anafanya uganga wa kumrudishia Angel roho yake, na uganga unafanikiwa dakika ya mwisho. Kwa hiyo anayesimama mbele ya Buffy ni yule kijana anayempenda, aliyechanganyikiwa, asiyejua nini kimetokea. Nyuma yake njia ya kuzimu imeanza kufunguka. Buffy anambusu, anamwambia afumbe macho, kisha anamchoma kwa upanga. Dunia inapona. Yeye anapanda basi na kuuhama mji bila kuaga.

Kwa hesabu ya Bentham, Buffy amefanya sawa: mmoja kwa ajili ya wote. Lakini kuna jambo lililopita kimya kimya. Willow alikuwa amemtuma rafiki yao Xander akamwambie Buffy kwamba uganga unafanyika. Xander hakumpenda Angel, na hakuufikisha ujumbe huo. Badala yake alimhimiza akapigane tu. Labda alisaidia kuiokoa dunia. Hata hivyo, alimnyima mwenzake haki ya kujua analipa nini.

Buffy anakataa

Miaka mitatu baadaye, Mei 2001, swali linarudi likiwa zito zaidi. Safari hii anayetakiwa kufa ni Dawn, mdogo wake Buffy. Dawn hakuzaliwa kama watoto wengine: watawa waliugeuza ufunguo wa kale kuwa binadamu, wakampa Buffy na mama yake kumbukumbu za kuishi naye tangu utotoni. Glory, mungu wa kike aliyefukuzwa kwao, anataka kuitumia damu ya Dawn kuzifungua kuta kati ya ulimwengu mmoja na mwingine ili arudi. Kuta zikishafunguka, hazifungiki mpaka damu hiyo iache kutiririka, yaani mpaka Dawn afe.

Giles, anayempenda Buffy kama mwanawe, anamwambia ukweli mchungu: ibada ikianza na wakashindwa kuizuia, Dawn atakufa hata hivyo, pamoja na kila kiumbe. Kwa hesabu, kumwacha Dawn hakumfaidii hata Dawn mwenyewe. Buffy anajibu kwamba atamzuia yeyote atakayemgusa mdogo wake, hata akiwa rafiki.

Je, huo ni ubinafsi? Mwanafalsafa Mwingereza Bernard Williams, aliyefariki mwaka 2003, angesita kusema hivyo. Yeye alitoa mfano wa mwanaume anayeona watu wawili wanazama, mmoja wao mke wake. Williams alisema mwanaume huyo akisimama kwanza kujiuliza kama maadili yanamruhusu kumtanguliza mkewe, basi amewaza wazo moja la ziada. Ndoa na undugu ni mambo yanayompa mtu sababu ya kuishi, na maadili yanayomtaka ayaweke kwanza kwenye mizani kama viazi yanambomoa mtu huyo huyo yanayemtaka awe mwema. Buffy anasema jambo lililo karibu na hilo: alishamtoa Angel, na hajui ataishi vipi katika dunia inayomtaka atoe tena.

Mwishoni, juu ya mnara, damu imeshamwagika na kuta zinafunguka. Dawn mwenyewe yuko tayari kujirusha. Buffy anamzuia. Anakumbuka kwamba watawa walimuumba Dawn kutokana na yeye, kwa hiyo damu yao ni moja. Anaruka yeye. Dunia inapona, na Dawn anapona.

Wengine wanasema watunzi walimtafutia njia ya mkato, na wana haki ya kusema hivyo, kwa sababu maishani mara nyingi njia ya tatu haipo. Lakini tazama tofauti kati ya matukio hayo mawili. Mtu anayetoa uhai wake hajafanya kitu kile kile na mtu anayetoa uhai wa mwingine, hata kama idadi ya waliopona ni ile ile.

Aliyelipa gizani

Usiku huo huo kuna kifo kingine. Glory alikuwa akiishi katika mwili mmoja na Ben, kijana daktari. Hakuwa malaika, kwani alishakubali kumtoa Dawn ili yeye apone. Hata hivyo alikuwa binadamu, na Buffy, baada ya kumshinda Glory, alimwacha hai. Buffy alipoondoka, Giles aliinama juu ya Ben aliyelala hoi, akamziba pua na mdomo mpaka akafa. Alijua kwamba Ben akiishi, Glory anaweza kurudi. Alijua pia kwamba Buffy asingeweza kufanya hivyo, kwa sababu yeye ni shujaa.

Falsafa ya manufaa inampa Giles alama zote. Mtazamaji, hata hivyo, anabaki na swali: je, dunia yenye mashujaa inahitaji mtu wa pembeni wa kufanya lile ambalo shujaa hataki kuliona? Na katika msimu wa mwisho, mwaka 2003, Buffy mwenyewe anamwambia Giles kwamba kama angelazimika kuchagua tena kati ya Dawn na dunia, sasa angemwacha Dawn afe. Tamthilia haimshangilii kwa jibu hilo. Inamwonyesha mtu aliyechoka.

Si hadithi tu

Mwaka 1884 mashua ya Kiingereza iitwayo Mignonette ilizama katika Bahari ya Atlantiki. Watu wanne walibaki ndani ya mtumbwi mdogo, karibu bila chakula na bila maji ya kunywa. Baada ya siku 19 hivi, nahodha Tom Dudley na msaidizi wake Edwin Stephens waliamua kumwua Richard Parker, kijana wa miaka 17 aliyekuwa mgonjwa, nao watatu waliobaki wakamla. Siku chache baadaye waliokolewa na meli. Hoja yao ilikuwa hesabu: afe mmoja, wapone watatu. Waliongeza kwamba wao wana wake na watoto, na Parker hana. Alikuwa yatima.

Mahakama ya Uingereza ilikataa. Iliuliza ni nani mwenye haki ya kupima uhai wa nani una thamani zaidi, na ikaona kwamba aliyechaguliwa alikuwa yule dhaifu kuliko wote. Dudley na Stephens walihukumiwa kifo, kisha adhabu ikapunguzwa kuwa kifungo cha miezi 6.

Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Hesabu ya "afe mmoja" huwa rahisi pale mmoja huyo anapokuwa yatima, mgeni, au asiyekuwepo kikaoni.

Mwandishi wa Kenya Grace Ogot aliongeza swali jingine katika hadithi yake ya Oganda, iliyomo katika kitabu cha mwaka 1968. Ukame umeua mifugo, na chifu anaambiwa amtoe binti yake kwa mnyama wa ziwani ili mvua inyeshe. Binti anaondoka akiimbiwa. Njiani kijana anayempenda anamfuata na kumtorosha, na mvua inanyesha hata hivyo. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama ni halali kumtoa mmoja kwa ajili ya wengi, inafaa kuuliza nani kathibitisha kwamba kumtoa kutawaokoa hao wengi.

Maswali ya kubeba nyumbani

Katika familia zetu mtihani huu huja bila mashetani. Bibi anahitaji upasuaji, wajukuu wanahitaji karo, na ng'ombe wa kuuza ni mmoja. Mwingine atasema afadhali punda afe mzigo ufike, mwingine atasema damu nzito kuliko maji, na methali zote mbili ni zetu. Hakuna mwanafalsafa atakayekuja kukaa kikao hicho badala yenu. Lakini haya tuliyoyaona yanatupa maswali manne ya kuanzia. Je, tuna hakika kwamba gharama hii italeta hayo manufaa? Je, tumetafuta kweli njia ya tatu? Je, anayeamua ndiye anayelipa, au analipa kwa kilicho cha mwenzake? Na la nne, ambalo Xander alilikwepa: huyo atakayebeba gharama ameelezwa ukweli wote? Kabla ng'ombe hajafika mnadani, bibi naye aulizwe.