Jinsi Mkulima Alivyogeuzwa Kuwa Mwovu

Mwanafunzi asomaye historia ya Uingereza ya zama za Wanormani hukutana na neno "villein", na akiwa mwangalifu hufungua kamusi. Huko, juu kidogo ya neno alitafutalo, hukuta jingine lifananalo nalo, "villain", na maana yake ni mtu mwovu, yule adui katika mchezo wa kuigiza ambaye watazamaji hufurahi akishindwa. Basi hushangaa. Kitabu cha Domesday, ambacho Mfalme William Mshindi aliamuru kiandikwe mwaka 1086 ili ajue mali ya nchi aliyoiteka, kiliwahesabu watu wa jina hilo kwa makumi ya maelfu, nao ndio kundi kubwa kuliko makundi yote yaliyoandikwa humo. Je, Uingereza ilikuwa nchi ya waovu?

La, ilikuwa nchi ya wakulima. Katika Kilatini "villa" ni nyumba ya shamba pamoja na ardhi yake, na "villanus" ni mtu akaaye huko. Neno lilipita katika Kifaransa, likavuka bahari likiwafuata Wanormani walioiteka nchi mwaka 1066. Kwa asili halikuwa na aibu yoyote: mtu wa shamba, basi.

Hata hivyo hali ya mtu huyo ilikuwa duni. Hakuwa mtumwa wa kuuzwa sokoni, maana alikuwa na kipande chake cha ardhi na ng'ombe wake wa kulimia. Lakini mara nyingi ilimpasa kumlimia bwana wake bila ujira siku mbili au tatu za kila juma, na wakati wa mavuno zaidi ya hapo. Hakuruhusiwa kuhama bila idhini. Akitaka kumwoza binti yake, alilipa. Naye akidhulumiwa na bwana wake, hakuweza kumshtaki katika mahakama ya mfalme, bali alirudishwa katika baraza la bwana yule yule. Mabwana hao, pamoja na makarani na washairi waliokula mezani pao, ndio walioandika vitabu. Machoni pao mtu wa shamba alikuwa mchafu, mjinga na mwenye tamaa. Na kwa kuwa mkulima mwenyewe hakujua kuandika, hakuwapo wa kuwajibu. Hivyo jina la kazi likawa jina la tabia mbaya, na kutoka tabia mbaya likafika kwenye uhalifu.

Jibu lilikuja kwa njia nyingine. Mwaka 1348 tauni iliingia Uingereza ikaua theluthi ya watu, au zaidi. Waliobaki waliona ya kuwa kazi ya mikono yao imepanda thamani, lakini sheria ya mwaka 1351 ikakataza ujira usizidi ule wa kabla ya tauni. Kisha ikaongezwa kodi ya kichwa, mara tatu katika muda wa miaka michache. Mwezi wa Juni mwaka 1381 watu wa Essex na Kent waliingia London kwa maelfu. Njiani waliyatafuta madaftari ya mabaraza ya mabwana, ambamo majina yao na ya baba zao yameandikwa kuwa ni watu waliofungwa na ardhi, wakayatia moto. Mfalme Richard wa Pili, kijana wa miaka 14, alikutana nao Mile End akawaahidi uhuru, na barua zikaandikwa. Kesho yake kiongozi wao, Wat Tyler, aliuawa mbele ya mfalme, na kabla ya majuma matatu kupita barua zile zilitanguliwa. Kifungo kile kilififia polepole chenyewe katika muda wa miaka mia mbili iliyofuata. Tusi halikufifia.

Shakespeare alizijua maana zote mbili. Katika mchezo wake uitwao As You Like It, ndugu mkubwa anamtukana mdogo wake kwa neno hili, akikusudia kusema kuwa ni mwovu. Naye mdogo analichukua kwa maana ya kale, mtu wa ukoo duni, akamjibu kwa kumtaja baba yao, aliyekuwa bwana mheshimiwa. Asiyejua historia ya neno hili hawezi kuona ukali wa jibu hilo.

Wala tusiwacheke Waingereza. Sisi nasi tunalo neno "mshamba", ambalo kwa asili ni mtu wa shamba tu, na leo ni nani apendaye kuitwa hivyo mjini? Na kama vile "gentle" ya Kiingereza ilivyokuwa kwanza mtu wa ukoo bora, ndipo ikawa mpole, vivyo hivyo "muungwana" alikuwa kwanza mtu asiye mtumwa, na sasa ni mwenye adabu, kana kwamba watumwa hawakuwa na adabu!

Maneno mengine ya Kiingereza yalipita njia ile ile. "Knave", yaani mlaghai, alikuwa mtoto wa kiume, kisha mtumishi. Wajerumani hata leo humwita mvulana "Knabe". "Boor", mtu asiye na adabu, ni ndugu wa neno la Kiholanzi "boer", maana yake mkulima. Ndilo jina walilojiita wale walowezi wa Afrika Kusini, ambao baadhi yao walifika Uasin Gishu mwaka 1908, nasi tukapata neno letu "Kaburu", ambalo nalo limekwisha kuwa tusi, ingawa kwa sababu zake lenyewe. Na "churl", mtu mkali asiye na ukarimu, katika Kiingereza cha kale alikuwa raia huru wa kawaida, asiye bwana wala mtumwa. Shina la neno hilo ndilo lililozaa jina Karl la Wajerumani, na kwa njia ya Ufaransa likazaa jina Charles, ambalo wafalme watatu wa Uingereza wamelichukua, wa tatu wao akianza kutawala mwaka 2022.