Kina na Maana: Historia ya Maneno Yanayolandana Mwishoni katika Ushairi wa Kiingereza

Mwaka 1570 Peter Levins alichapisha mjini London kamusi aliyoiita Manipulus Vocabulorum. Maneno ya Kiingereza hayakupangwa humo kwa herufi zao za mwanzo bali kwa miishio yao, na kila neno likapewa maana yake kwa Kilatini. Kitabu kiliwalenga wanafunzi waliotafuta msamiati na pia watunzi waliotafuta vina. Pengine Levins mwenyewe hakuwazia zaidi ya mahitaji hayo mawili, lakini mpango wake unazua swali ambalo wahakiki wa ushairi hawajalimaliza hadi leo: maneno mawili yakikutanishwa na sauti ya mwisho tu, maana zao zinafanyiana nini? Kwani katika safu za kamusi ya namna hiyo jirani hachaguliwi kwa udugu wa maana. Neno la kanisani linaweza kukaa kando ya neno la jikoni, na hakuna awezaye kulalamika.

Makala haya yanadai kwamba kina katika ushairi wa Kiingereza ni tukio la kimaana na papo hapo ni hati ya historia ya lugha hiyo. Yanadai pia kwamba mazoea yetu ya kuyatafsiri maneno 'rhyme' na 'kina' kana kwamba ni kitu kimoja yameupotosha, kwa kiasi fulani, mjadala wetu wenyewe juu ya arudhi ya Kiswahili.

Yafaa ikumbukwe kwanza kwamba kina si mzawa wa Uingereza. Ushairi wa Kiingereza cha Kale, ambao Beowulf ndio mfano wake mashuhuri, ulijengwa juu ya takriri ya sauti za mwanzo wa maneno. Jambo hili lilikuwa na mantiki yake ya kifonolojia, kwa kuwa mkazo katika lugha za Kijerumani uliangukia kwa kawaida silabi ya kwanza ya mzizi. Masikio yalikuwa yakisubiri mwanzo wa neno, si mwisho wake. Vina vilijulikana kupitia tenzi za Kilatini za kanisa, na katika mkusanyo wa karne ya 10 unaoitwa Kitabu cha Exeter limo shairi moja lililotungwa kwa vina mwanzo hadi mwisho. Hata hivyo lilikuwa kama mgeni barazani. Ni baada ya Wanomani kuiteka Uingereza mwaka 1066, na Kifaransa kuwa lugha ya watawala, ndipo kina kilipoanza kushika nafasi ya takriri ya kale, na hilo nalo halikutimia kwa siku moja.

Geoffrey Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, alikuwa na fundi mwenzake wa Kifaransa sikioni kila alipotunga. Katika shairi lake la malalamiko ya Venus, ambalo msingi wake ni tungo za Kifaransa, analalamika kwamba Kiingereza kina uhaba mkubwa wa vina. Lalamiko hilo si unyenyekevu wa kawaida wa watunzi. Ni maelezo sahihi ya hali ya lugha. Chaucer aliziba pengo kwa mbinu aliyojifunza kwa Wafaransa ya kuyafanya maneno mawili ya sauti moja kabisa yawe kina, mradi maana zitofautiane. Mwanzoni mwa Hadithi za Canterbury ameyaweka pamoja 'seke', yaani kutafuta, na 'seeke', yaani wagonjwa. Mahujaji wanamtafuta mtakatifu aliyewasaidia walipougua. Sauti ni moja, na kati ya maana zake mbili imelala sababu nzima ya safari. Karne chache baadaye watunzi wa Kiingereza walikuja kuona kina cha namna hii kuwa ni kasoro, na kanuni ikawa kwamba konsonanti inayotangulia irabu yenye mkazo sharti ibadilike.

Hapa msomaji aliyelelewa na arudhi ya Kiswahili hana budi kutua. Kwetu kina ni silabi ya mwisho, konsonanti pamoja na irabu yake. 'Pata' na 'leta' ni vina halali kwa sababu vyote viwili vinaishia kwa 'ta'. Sikio la Mwingereza lingevikataa, kwa kuwa mkazo uko kwenye 'pa' na 'le', na humo hamna kulandana. Kinyume chake, 'day' na 'way', siku na njia, ni kina safi kwake, ilhali mtunzi wetu angeuliza 'd' na 'w' zimekubaliana wapi. Basi vina hivi viwili havipimwi kwa kipimo kimoja. Zaidi ya hayo, Kiswahili kina irabu tano, na maneno yake karibu yote huishia kwa irabu. Hata maneno ya kigeni yalipoingia yalivishwa irabu mlangoni, 'kitab' ya Kiarabu ikawa kitabu na 'bus' ya Kiingereza ikawa basi, tayari kuketi na nafasi, farasi na wasiwasi. Kiingereza cha kusini mwa Uingereza kina irabu zipatazo ishirini zikihesabiwa na zile za mwambatano, na silabi zake hufungwa kwa mafungu ya konsonanti. Matokeo yake ni kwamba neno la kawaida kama 'month', mwezi wa kalenda, halina mwenzi katika msamiati wa kila siku.

Uhaba huo una athari ya kimaana. Tulichukue neno 'love', mapenzi. Wenzake wanaoweza kuingia katika shairi bila kuchekesha hawajai kiganjani: 'dove' ambaye ni njiwa, 'glove' ambayo ni glavu, na 'above' yenye maana ya juu. Msomaji wa ushairi wa Kiingereza aliyewahi kujiuliza kwa nini mapenzi ya Waingereza yamejaa njiwa na glavu, na kwa nini mpenzi hutazamwa kila mara kana kwamba yuko juu mbinguni, atapata sehemu kubwa ya jibu katika fonolojia kabla ya kuitafuta katika falsafa. Vivyo hivyo 'breath' na 'death', pumzi na kifo, huitana karibu kwa lazima. 'Womb' na 'tomb', tumbo la uzazi na kaburi, yamo katika soneti ya tatu ya Shakespeare, anapomwonya kijana asiyetaka kuoa, na wala si yeye peke yake aliyeyatumia. La kwanza ni la Kiingereza cha Kale na la pili limetoka Kifaransa. Kuzaliwa kumetajwa kwa lugha ya mwenyeji na kuzikwa kwa lugha ya mtawala. Hatusemi kwamba Shakespeare alilikusudia hili. Tunasema kwamba kina cha Kiingereza mara nyingi ni mahali ambapo mshindi na mshindwa wa mwaka 1066 wanalazimishwa kusimama bega kwa bega, na maana ya ubeti haiwezi kukwepa kuguswa na mkutano huo.

Waingereza wenyewe waligombana juu ya jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1602 Thomas Campion, ambaye nyimbo zake mwenyewe zina vina vitamu, alichapisha kitabu cha kuvipinga akitaka mizani ya Kigiriki na Kirumi. Mwaka uliofuata Samuel Daniel akamjibu kwa utetezi ambao hoja yake kuu ni desturi: kila lugha ina haki ya kufuata mazoea yake, na Wagiriki na Warumi hawakupewa hati ya kuitawala dunia yote. Mtu angedhani tunasoma barua za magazeti ya Afrika Mashariki za miaka ya 1970. John Milton naye, katika maelezo yaliyoongezwa mwaka 1668 kwa Paradise Lost, alikieleza kina kuwa ni uzushi wa enzi ya ushenzi na utumwa uliomlazimisha mtunzi kusema alichokisema vingine kuliko ambavyo angekisema. Lakini mizani hakuiacha. Tungo zake hazina vina, ila mishororo yake imepimwa, na kuziita mashairi huru ni kosa linaloendelea kuonekana katika tasnifu za wanafunzi wetu.

Jibu bora kwa Milton lilitoka kwa rafiki yake Andrew Marvell, katika shairi la sifa lililotangulia chapa ya mwaka 1674. Marvell alilitunga kwa vina, na karibu na mwisho anakiri dhambi yake kwa mzaha: alikusudia kutumia neno 'praise', kusifu, lakini kwa kuwa mshororo uliotangulia uliishia kwa 'offend', kukosea, imembidi atumie 'commend', ambalo pia ni kusifu, ila kwa ubaridi wa barua ya mapendekezo. Katika mishororo miwili msomaji ameonyeshwa kina kikiibadilisha maana mbele ya macho yake. Mwandishi wa makala haya hajaona, katika nadharia zote za baadaye, onyesho fupi na aminifu kuliko hilo.

Nadharia hizo hata hivyo zipo. Mwaka 1944 W. K. Wimsatt aliandika kwamba kina hupata nguvu pale maneno yanapofanana kwa sauti na kutofautiana kwa maana na kazi za kisarufi, na alimlinganisha Chaucer na Alexander Pope ili kuonyesha kwamba Pope aliitumia tofauti hiyo kwa makusudi zaidi. Mfano unaotufaa ni ule wa The Rape of the Lock, ambamo Pope anamtaja Malkia Anne akitiiwa na milki zake na kunywa chai, na kulifanya 'obey', kutii, liwe kina na 'tea', chai. Dola na kikombe vimepimwa kwa mizani moja, na kejeli imekamilika. Kwa masikio ya leo kina hicho kimevunjika, lakini enzi ya Pope neno hilo lilitamkwa karibu na 'tei'. Anayelisoma kwa matamshi ya sasa anabaki na kejeli iliyopungukiwa na mlio wake.

Hilo linatufikisha kwenye Mabadiliko Makuu ya Irabu, yaliyotokea kwa takriban karne tatu, tangu mnamo 1400 hadi 1700. Irabu ndefu za Kiingereza zilihama mahali pake kinywani, wakati uchapaji, ulioletwa na William Caxton mwaka 1476, ulikuwa umekwisha kuanza kuigandisha tahajia. Maneno yakatengana kwa sauti huku yakibaki ndugu kwenye karatasi. Soneti ya 116 ya Shakespeare, iliyochapishwa mwaka 1609, inafungwa kwa 'proved', kuthibitishwa, na 'loved', kupenda. Mwanafunzi aliyefunzwa arudhi yetu atasema mara moja kwamba beti hiyo ni guni. Hana kosa la masikio, ila amekosa historia, kwani wachunguzi wa matamshi ya wakati huo wanaona kwamba maneno hayo yaliweza kutamkwa kwa irabu moja. Mwaka 2004 ukumbi wa Globe mjini London uliigiza Romeo and Juliet kwa matamshi yaliyoundwa upya kwa msaada wa mwanaisimu David Crystal. Na uzito wa kina hicho ni mkubwa: shairi zima linabishana kwamba mapenzi ya kweli hayabadiliki, kisha linatoa dhamana kwa kuyafunga pamoja mapenzi na uthibitisho. Matamshi yamebadilika na dhamana imelegea.

Wafanyabiashara wadogo wa London ya karne ya 19 walikwenda mbali zaidi kuliko washairi. Katika misimu yao, iliyoorodheshwa na John Camden Hotten mwaka 1859, kitu kilitajwa kwa fungu la maneno linaloishia kwa kina cha jina lake. Baadaye, katika mafungu mengi ya aina hiyo, neno lenye kina likaachwa kabisa. 'Loaf of bread', mkate, lilisimama badala ya 'head', kichwa, kisha likabaki 'loaf' peke yake. Mwingereza anayekwambia utumie 'loaf' yako anakutaka ufikiri, na kina kilicholeta maana hiyo hakisikiki tena.

Tukirejea kwetu, mgogoro uliozuka baada ya tungo kama za Kichomi cha Kezilahabi mwaka 1974 uliwagawa wanajadi, walioshikilia vina na mizani kama Amri Abedi alivyovieleza mwaka 1954, na wanamapinduzi walioona kwamba uti wa mgongo wa ushairi uko kwingine. Wanajadi waliwashutumu wenzao kwa kuiga Ulaya. Shutuma hiyo ilichukulia kwamba alichokiacha Mwingereza na alichokiacha Kezilahabi ni kitu kimoja, na waliojibu mara nyingi hawakulipinga dai hilo dogo. Ila Milton alikimbia uhaba. Mtunzi wa tarbia hajawahi kuujua uhaba huo. Tatizo lake, kama ni tatizo, ni wingi. Anaweza kurudia 'ni' na 'ka' katika beti arubaini bila kutokwa jasho, na kwa sababu hiyo kina chake hakishitui maana kama cha Pope bali huifunga na kuifanya ikumbukike, hasa inapoghaniwa. Swali la kumuuliza Muyaka au Abdilatif Abdalla kwa hiyo si kama maneno mawili ya mwisho yanagongana kimaana. Ni kwa nini, kati ya maneno mia moja yaliyokuwa tayari kuingia mahali hapo, aliliita hilo moja.