Kadhi na Wafungwa wa Baghdad

Wengi wetu tumesikia kwamba Imam Abu Hanifa, mfanyabiashara wa hariri wa Kufa, aliukataa ukadhi alioitiwa na Khalifa al-Mansur, akatiwa kifungoni, na mwaka wa 150 wa Hijra (767) akafariki Baghdad. Lakini mwanafunzi wake mkubwa, Abu Yusuf, aliupokea ukadhi, hata akawa Kadhi Mkuu wa kwanza wa dola, zama za Harun al-Rashid. Je, mwanafunzi alimsaliti mwalimu wake? Sisi hatuoni hivyo.

Harun alipomtaka amwandikie juu ya kodi za ardhi, Abu Yusuf alitunga Kitab al-Kharaj. Humo alimkumbusha mtawala, pasi na kumung'unya maneno, kuwa ataulizwa na Mola wake juu ya raia. Akakataza mkulima kupigwa au kusimamishwa juani kwa ajili ya kodi. Kisha akaligeukia gereza. Wafungwa walikuwa wakitolewa nje na minyororo miguuni, waombe sadaka wapate kula. Kadhi akataka walishwe na kuvishwa, nguo za baridi na nguo za joto, kwa mali ya Baitulmali. Na posho yao iwe fedha taslimu, si mikate, kwani mikate huishia kwa walinzi! (Hapa tunamwona mcha Mungu aliyeyajua vyema mambo ya dunia.) Tena fedha hizo azigawe mtu mwema, mwenye daftari la majina, amwite kila mfungwa na kumtilia haki yake mkononi.