Ukuta wa 1870: Lugha ilivyohifadhi nasaba katika Kaunti ya McIntosh

MKENYA akiulizwa kwao ni wapi, aghalabu hajibu kwa kutaja kaunti tu. Atataja kijiji, kisha ukoo, mlango au mbari, na kama alilelewa karibu na wazee atakuhesabia mababu hadi kizazi cha tano au cha sita. Kiswahili chenyewe kimetupa ngazi za kushukia: mtoto, mjukuu, kitukuu, kilembwe na kining'ina. Lakini ngazi hizo zinahitaji mtu aliyebaki nyumbani akikumbuka. Je, anayetafuta mababu zake atafanyaje iwapo mababu hao walinyakuliwa, wakavushwa bahari, wakauzwa na kupachikwa majina na waliowanunua?

Hilo ndilo swali linalowakabili Wamarekani Weusi wanaotafuta asili ya familia zao katika kaunti za mashambani kusini mwa Marekani. Hebu tuitazame kaunti moja, McIntosh katika jimbo la Georgia. Huko jibu halikutoka kwenye karatasi peke yake. Sehemu kubwa ya jibu ilitoka kwenye lugha: katika majina ya nyumbani, katika neno moja la jikoni, na katika wimbo wa maziko ambao waliourithi hawakujua maana yake.

McIntosh ilianzishwa mwaka wa 1793 na makao yake makuu ni mji mdogo wa Darien, karibu na mlango wa Mto Altamaha. Ni nchi ya vinamasi, vijito vya maji ya chumvi na visiwa, kikiwemo kisiwa cha Sapelo. Mpunga ulilimwa kwenye mabonde ya mto na pamba ikalimwa visiwani. Wenye mashamba walipenda kununua watu kutoka pwani ya Afrika Magharibi, hasa maeneo ya Senegambia na Sierra Leone, kwa sababu watu hao walikuwa wakulima wa mpunga hata kabla ya kutekwa. Wengine wengi walitoka Kongo na Angola. Kwa kuwa waliishi kwa wingi pamoja, mbali na miji, wazao wao waliunda jamii na lugha yao, inayoitwa Kigullah au Kigeechee.

Sasa basi, mzao wa watu hao anaanzia wapi? Kama mtafiti yeyote wa nasaba, anaanza na anachokijua na kurudi nyuma: wazazi, nyanya na babu, vyeti vya kuzaliwa na vya kifo, makaburi, vitabu vya kanisa, kisha sensa ambayo Marekani huifanya kila baada ya miaka 10. Anarudi nyuma vizuri hadi sensa ya 1870, na hapo anagonga ukuta. Watafiti wenyewe huuita hivyo, ukuta wa 1870. Sensa hiyo ndiyo ya kwanza kuwaandika kwa majina watu wote waliokuwa watumwa hadi 1865. Katika sensa za 1850 na 1860 watumwa waliorodheshwa kwenye majedwali ya pembeni chini ya jina la mwenye kuwamiliki: umri, jinsia, rangi. Jina hakuna. Bibi wa bibi yako anaweza kuwa mstari unaosomeka 'mwanamke, miaka 30, mweusi', na chini yake wanawake wengine wanne wa umri uo huo.

Ili kuuvuka ukuta huo lazima mtafiti aache kutafuta mababu zake na aanze kumtafuta aliyewamiliki. Anapekua wosia za mabwana, hesabu za mirathi, hati za mauzo na za rehani, maana humo watu waliandikwa pamoja na farasi, ng'ombe na vyombo vya nyumba. Inauma kuzisoma, lakini hakuna njia nyingine. McIntosh hata njia hiyo ina mashimo: Darien ulichomwa na wanajeshi wa Kaskazini Juni 1863, na nyaraka nyingi za kaunti zikapotea.

Karatasi mojawapo iliyosalia inatisha kwa ukamilifu wake. Mnamo Machi 2 na 3, 1859, Pierce Mease Butler, aliyekuwa na mashamba kwenye kisiwa cha Butler karibu na Darien na kisiwa jirani cha St. Simons, aliwapiga mnada watumwa wake jijini Savannah ili alipe madeni. Katalogi ya mnada ilitangaza watu 436, kila mmoja kwa jina lake moja, umri wake na kazi yake, wakiwa wamepangwa kwa familia. Wazao wao huuita mnada huo 'wakati wa kulia'. Leo orodha iliyoandikwa ili kuwatawanya watu inatumiwa kuwakusanya tena.

Hapa ndipo mwanaisimu anapohitajika, maana jina kwenye orodha ya aina hiyo si jina tu. Kwenye nyaraka za pwani hiyo mara kwa mara unakutana na wanaume walioitwa Cuffee, Cudjo na Quash. Mwandishi wa bwana aliyaandika alivyoyasikia. Lakini anayejua Kiakan cha Ghana anaona mara moja Kofi, Kojo na Kwasi, yaani mtoto wa kiume aliyezaliwa Ijumaa, Jumatatu na Jumapili. Msomaji wa Kiswahili hatashangaa. Kwetu pia yuko Juma, yuko Khamisi, na yuko Mwanajuma. Mtumwa alinyang'anywa kila kitu, lakini mzazi wake alikuwa bado anahesabu siku kwa kalenda ya kwao.

Mtu aliyelielewa jambo hili mapema kuliko wengine ni Profesa Lorenzo Dow Turner, mwanaisimu Mweusi aliyezaliwa North Carolina mwaka wa 1890. Wakati huo wasomi wengi wazungu walishikilia kwamba Kigullah ni Kiingereza kibovu tu, mabaki ya lahaja za wakulima wa Uingereza, na kwamba utumwa ulifuta Afrika yote kichwani mwa mtumwa. Turner alipokisikia Kigullah mwaka wa 1929 alishuku madai hayo. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 alizunguka pwani ya South Carolina na Georgia akiwa na mashine nzito ya kunasa sauti, kisha akaenda London kujifunza lugha za Afrika Magharibi. Kitabu chake cha 1949, Africanisms in the Gullah Dialect, kina maneno karibu 4,000 yenye asili ya Afrika. Mengi kati yake ni majina ya watu.

Kwa nini waliomtangulia hawakuyaona? Waliulizia majina rasmi. Kila mtu kule alikuwa na jina la shuleni na la benki, na jina jingine la nyumbani, ambalo Wagullah huliita jina la kikapu. Hilo la pili halikutajwa mbele ya wageni. Turner alikaa na watu, akasikia mama akimwita mwanawe kutoka uani, akaandika.

Sapelo inatupa mfano wa pili. Mwanzoni mwa karne ya 19 aliishi huko Bilali Muhammad, Mwislamu kutoka Futa Jallon katika Guinea ya leo, aliyekuwa mnyapara wa shamba la Thomas Spalding. Aliacha kitabu kidogo cha kurasa 13 alichokiandika kwa hati ya Kiarabu. Kwa miaka mingi watu walidhani ni shajara ya maisha yake. Mwishoni mwa miaka ya 1930 Joseph Greenberg, ambaye wanafunzi wa isimu nchini wanamjua kwa uainishaji wake wa lugha za Afrika, aliwaonyesha wanazuoni wa Kihausa mjini Kano. Waliitambua: ni dondoo za fikihi ya madhehebu ya Maliki, kuhusu udhu, adhana na sala. Mzee alikuwa akiandika upya, kutoka kichwani, kile alichofunzwa madrasa akiwa kijana.

Lakini ukoo wa Bilali haukusoma kitabu hicho. Ulichorithi ni neno. Katika miaka ya 1930 wakusanyaji wa mradi wa waandishi wa serikali waliwahoji wazao wake, na kitabu chao, Drums and Shadows, kikatoka mwaka wa 1940. Wajukuu na vitukuu walieleza jinsi mabinti za Bilali walivyoloweka mchele usiku kucha, wakautwanga kwenye kinu, wakauchanganya na asali na kufinyanga vikate bapa walivyowagawia watoto. Vikate hivyo viliitwa 'saraka'. Msomaji wa Mombasa au Lamu hahitaji kamusi. Ni sadaka, neno lile lile la Kiarabu lililofika Guinea kwa njia moja na Pwani ya Kenya kwa nyingine. Watoto waliovila vikate wakadhani saraka ni jina la keki. Neno lilisahau dini yake, lakini halikusahau lilikotoka.

Mfano wa tatu ndio mkubwa zaidi. Katika kijiji cha Harris Neck, Turner alimnasa mwanamke aitwaye Amelia Dawley akiimba wimbo wa mistari mitano. Amelia aliurithi kwa wazee wake na hakujua maana yake. Turner naye hakuujua, lakini alinasa kila silabi. Baadaye mwanafunzi kutoka Sierra Leone aliusikia na kusema: hiki ni Kimende. Ni miongoni mwa matini ndefu zaidi za lugha ya Kiafrika kuwahi kupatikana vinywani mwa Wamarekani Weusi.

Nusu karne baadaye, mwanaanthropolojia Joseph Opala, mtaalamu wa muziki Cynthia Schmidt na mwanaisimu Tazieff Koroma waliufuatilia wimbo huo nchini Sierra Leone. Koroma, aliyekulia katika Kimende, aligundua kwamba neno mojawapo hutumika katika eneo dogo tu kusini mwa nchi. Kwa hivyo lahaja iliwapunguzia ramani. Schmidt alizunguka vijiji vya huko hadi akafika Senehun Ngola, ambako mwanamke aitwaye Baindu Jabati aliuimba wimbo unaokaribia kufanana na ule wa Amelia. Alifunzwa na nyanyake. Ulikuwa wimbo wa wanawake katika ibada ya kuwaaga wafu. Ibada yenyewe ilikuwa imeachwa, ila nyanya alisisitiza mjukuu aushike wimbo.

Huko Harris Neck nako, binti ya Amelia, Mary Moran, alikuwa bado anaukumbuka. Vita vya Sierra Leone vilichelewesha safari, lakini mwaka wa 1997 Mary Moran alifika Senehun Ngola akakutana na Baindu Jabati. Filamu ya The Language You Cry In ya mwaka wa 1998 inasimulia safari hiyo.

Tahadhari inahitajika. Wimbo si kipimo cha damu. Hauthibitishi kwamba kila mtu wa Harris Neck ni Mmende, wala kwamba nyanya wa Mary Moran alizaliwa katika kijiji kile hasa. Nyimbo huolewa na kuhama kama watu. Vivyo hivyo, mtu kuitwa Cuffee hakutoshi kusema babu yake ni Mwakan, kwani majina husambaa. Mtafiti makini huweka wimbo, jina na karatasi mezani pamoja, kimoja kikikosoa kingine. Walakini, bila wimbo huo, karatasi peke yake isingemfikisha hata pwani ya bahari.

Tena mambo haya si ya kujifurahisha. Pwani ile mashamba mengi ya Weusi yalirithiwa bila wosia. Babu alifariki, shamba likawa la warithi wote kwa pamoja, wakiwemo vilembwe walio miji ya mbali ambao hawajawahi kulikanyaga. Mwekezaji akinunua sehemu ya mmoja wao, aliweza kwenda mahakamani na kuomba shamba lote liuzwe. Georgia ilipitisha sheria mwaka wa 2012 kuwapa warithi wengine nafasi ya kununua kwanza, lakini ili unufaike lazima uthibitishe wewe ni mzao wa nani. Wakenya wenye hati za mashamba ambazo bado zina jina la babu aliyekufa zamani wanaelewa uzito wa jambo hili.

Harris Neck kwenyewe kulipotea. Mwaka wa 1942 serikali kuu ya Marekani ilitwaa ekari 2,687 kujenga uwanja wa ndege za kivita, na familia takriban 75 za Weusi zikahamishwa kwa muda mfupi sana. Vita vikaisha, ardhi haikurudi. Tangu 1962 ni hifadhi ya wanyamapori, na wazao wangali wanaidai. Kule Sapelo, Septemba 2023, wakuu wa kaunti walipiga kura kuruhusu nyumba kubwa zaidi ya mara mbili ya zile zilizoruhusiwa awali katika kijiji cha Hog Hammock. Wakazi walikwenda mahakamani wakihofia kwamba matajiri watapandisha bei ya ardhi na kodi hadi wenyeji washindwe. Wenyeji wakitawanyika, jina la kikapu litaitwa na nani, na uani kwa nani?

Funzo kwetu liko katika namna Turner alivyofanya kazi. Hakumuuliza Amelia Dawley wimbo una maana gani kisha akaandika maana hiyo. Aliandika sauti zenyewe, hata alipokuwa haelewi hata neno moja, na ni sauti hizo zilizomwezesha Koroma kulitambua eneo. Sisi huwa tunafanya kinyume. Mwanafunzi akitumwa kumhoji nyanya, anarudi na muhtasari wa Kiingereza au wa Kiswahili sanifu. Wimbo wa jando, jina la utani la babu, neno la kusaga au kutwanga ambalo kijana halijui, vyote vimefupishwa kuwa 'nyanya alieleza mila za zamani'. Kumbe neno lisiloeleweka ndilo lenye anwani.

Simu iliyo mfukoni mwa mwanafunzi huyo ni nyepesi kuliko mashine aliyoibeba Turner. Akifunga safari ya kwenda ushago Desemba, na amnase nyanya kwa lugha yake mwenyewe, kisha aandike tarehe, mahali, na jina la yule aliyemfunza nyanya wimbo. Tafsiri inaweza kungoja. Huko McIntosh ilingoja zaidi ya miaka 50, na ilipokuja iliwapata wenyewe.